Kushusha Nguvu za Deki ya Commander Bila Kuiua: Mwongozo Kamili kwa Meza ya Watu Wanne

Jumamosi moja nilishinda michezo mitatu mfululizo, yote kabla ya zamu ya saba. Wa tatu ulipoisha, rafiki yangu aliyekaa kushoto kwangu alifunua karata alizobaki nazo mkononi. Mojawapo ilikuwa dragoni wa mana saba (mana ni nguvu ya kulipia karata, na hutoka hasa kwenye karata za ardhi). Alikuwa amemnunua wiki ile ile na alimsubiri tangu mchana, lakini hakupata kumshusha hata mara moja. Hakulalamika. Alizipanga karata zake taratibu, akazirudisha kwenye boksi, akaomba chai. Mwenzake ndiye aliyesema: "Kaka, hiyo deki yako haihitaji watu. Inacheza yenyewe."

Maneno hayo yalinikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu yalikuwa kweli. Ninayoyaeleza hapa ni kazi niliyoifanya baada ya siku ile, na nitakuonyesha kwa deki yenyewe, karata kwa karata.

Kwa ambaye bado ni mgeni: Commander ni namna mojawapo ya kucheza Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa na Wizards of the Coast mwaka 1993. Kila mchezaji ana deki ya karata 100. Mmoja ni kamanda, anakaa pembeni akionekana na wote. Zile 99 zinachanganywa, na ukiacha ardhi za msingi, hakuna karata inayoruhusiwa kujirudia. Kila mtu anaanza na uhai 40, na kwa kawaida mezani mko wanne. Maana yake, ili ushinde kwa kupiga, unatakiwa kumaliza uhai 120. Mchezo umepangwa hivyo ili uwe mrefu. Deki inayoumaliza zamu ya sita imewaachia wenzako zamu tano tu, na katika hizo, tatu za mwanzo huwa ni za kuweka ardhi na kujipanga.

Nguvu ya deki iko wapi hasa

Watu wengi wakiambiwa washushe deki, wanatoa karata ghali na kuweka karata mbovu. Matokeo yake ni deki isiyoeleweka: siku moja inakwama kabisa, siku nyingine inaua wote zamu ya tano kwa sababu ile mashine ya ndani haikuguswa. Mimi naona deki inazidi meza kwa mambo matatu. La kwanza ni kasi, yaani kupata mana nyingi kabla ya wengine. La pili ni uhakika, yaani kuipata karata ile ile unayoitaka karibu kila mchezo. La tatu ni kumaliza mchezo ghafla, bila wengine kupata zamu moja ya kujibu. Punguza hayo matatu kwa mpangilio huo. Wazo la deki, lile lililokufanya uijenge, liache lilivyo. Mimi nilitaka goblini (viumbe wadogo wa kwenye karata) wengi mezani, na bado ninao wengi mezani.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kugusa

Ukae peke yako na deki. Changanya, lamba karata saba (yaani zichukue juu ya deki), cheza kana kwamba wapinzani wapo lakini hawafanyi lolote. Andika ni zamu ya ngapi ungekuwa umemaliza uhai wote 120, au umepata mzunguko usio na mwisho, yaani karata zinazorudia kazi yake bila kikomo. Rudia mara 10. Usitupe matokeo mabaya, na usihesabu yale mazuri tu. Yangu yaliangukia zamu ya sita na ya saba, na mara mbili ya tano.

Sasa linganisha na meza. Zamani tulizoea kusema "deki yangu ni saba kwa kumi", na kila mtu alikuwa saba, kwa kuwa hapakuwa na kipimo ambacho wote tulikielewa sawa. Februari 2025, Wizards of the Coast walitoa mfumo wa majaribio wenye ngazi tano. Ngazi ya 1 ni deki za kuonyesha wazo tu, ya 5 ni za mashindano makali. Ngazi ya 2 mwanzoni ilielezwa kwa kulinganishwa na deki za kawaida zinazouzwa zikiwa zimepangwa tayari. Pamoja na ngazi hizo kuna orodha ya karata zinazobadilisha mchezo peke yake, iitwayo Game Changers: Rhystic Study, Cyclonic Rift, Demonic Tutor, Smothering Tithe na nyinginezo. Ngazi ya 1 na ya 2 haziruhusu hata moja, ya 3 inaruhusu tatu tu. Katika marekebisho ya Oktoba 2025 waliongeza kitu ambacho kwangu ndicho chenye manufaa kuliko vyote: idadi ya zamu. Ngazi ya 2, mtu atarajie kucheza zamu nane kabla ya kushinda au kushindwa. Ya 3, zamu sita. Ya 4, zamu nne.

Wenzangu wanacheza ngazi ya 2, na mimi nilikuwa naleta kitu cha ngazi ya 4. Hapo sikuhitaji tena mtu wa kuniambia.

Hatua ya pili: zimwage mkekani

Zimwage karata zote 100 na uzigawe mafungu kwa kazi zake. Ardhi. Mana ya ziada. Za kulambisha karata. Za kutafuta karata nyingine ndani ya deki. Za kuondoa kitu cha mpinzani. Mafagio, yaani zile zinazofagia viumbe wote mezani. Na mwisho, za kushindia. Karata ya kazi mbili iweke kwenye kazi unayoitumia mara nyingi zaidi.

Usiifanyie kazi hii kwenye simu. Ukiyaona mafungu kwa macho unajua mara moja tatizo liko wapi. Langu la kuondoa vitu vya wapinzani lilikuwa na karata nne tu. La mana ya haraka na la kutafuta yalikuwa yamenona. Deki ilijengwa kwa imani kwamba mchezo utakwisha kabla sijahitaji kumjibu mtu yeyote.

Hatua ya tatu: toa kasi

Kamanda wangu alikuwa Krenko, Mob Boss, wa mana nne, mbili kati yake nyekundu. Ukimlaza, yaani ukigeuza karata yake ubavu, anazaa goblini kwa idadi ya goblini ulionao, yeye mwenyewe akiwemo.

Angalia kinachotokea. Bila msaada, anatua zamu ya nne. Zamu ya tano ninamlaza, tunakuwa goblini wawili. Ya sita wanne, ya saba wanane, ya nane 16. Hiyo ni kasi ambayo meza inaweza kuishi nayo. Sasa weka Sol Ring zamu ya kwanza: inagharimu mana moja na inatoa mbili kila zamu. Zamu ya pili nina Mountain (ardhi ya msingi ya mana nyekundu) mbili na Sol Ring, jumla mana nne, na Krenko ameshatua. Zile 16 zinafika zamu ya sita. Karata moja imenunua zamu mbili nzima, na wenzangu hawakukosea chochote.

Utasema Sol Ring ni moja tu kati ya 99, na ni kweli. Katika mchezo wa watu wengi hata anayeanza analamba karata zamu ya kwanza, kwa hiyo unakuwa umeona karata 8 kabla ya kuweka ardhi ya kwanza. Uwezekano wa Sol Ring kuwemo ni kama 8 kwa 100, mchezo mmoja kati ya 12. Lakini mimi nilikuwa na karata nne za namna hiyo: Sol Ring, Mana Vault, Ancient Tomb na Chrome Mox, tatu za mwisho zikiwa nakala nilizochapisha kwa ruhusa ya meza. Ukiwa na nne, uwezekano wa kuona angalau moja katika karata 8 unapanda hadi 29 kwa 100. Karibu mchezo mmoja kati ya mitatu ulianza nikiwa nimeshawatangulia.

Nilitoa zote nne, pamoja na Jeska's Will, nayo ya mana ya haraka. Mahali pake nikaweka Mountain moja zaidi, Mind Stone na Fire Diamond, ambazo zinagharimu mana mbili na kutoa moja. Hizo zinakusogeza zamu moja mbele, hazikurushi. Wengi wanasema Sol Ring iachwe kwa sababu imo karibu katika kila deki inayouzwa tayari, na hoja yao ina uzito. Mimi naangalia kamanda. Kama wako ni wa mana sita na anahitaji muda kufanya kazi, iache. Kama ni wa mana nne na anazidisha kila zamu, itoe.

Hata waliokuwa wakisimamia sheria za Commander walifika huko kwa njia yao: tarehe 23 Septemba 2024 walipiga marufuku Mana Crypt, Jeweled Lotus na Dockside Extortionist, na sababu kubwa ilikuwa mianzo ya kasi isiyoshikika.

Jambo moja usilifanye: usipunguze ardhi ili deki iwe dhaifu. Mtu aliyekwama na ardhi mbili mchezo mzima hajashusha deki yake. Amejitoa mezani tu, na waliobaki wanacheza wakimwonea huruma. Mimi nilibaki na ardhi 36.

Hatua ya nne: toa uhakika

Hapa ndipo penye mzizi, na ndipo watu wanaposhikilia sana. Karata za kutafuta hazionekani kali, kwa sababu zenyewe hazipigi mtu. Lakini fikiria hesabu hii. Nilikuwa na Kiki-Jiki, Mirror Breaker, ambaye ukimlaza anatoa nakala ya kiumbe chako, na Zealous Conscripts, ambaye akitua anaweza kuiamsha karata iliyolala. Nakala ya Conscripts inamwamsha Kiki-Jiki, naye anatoa nakala nyingine, na hakuna mwisho. Kufikia zamu ya saba unakuwa umeona karata 14. Uwezekano wa wote wawili kuwemo humo kwa bahati tu ni chini ya 2 kwa 100. Kwa nini basi nilikuwa nikiwapata mara kwa mara? Kwa sababu nilikuwa na Gamble, Imperial Recruiter, Goblin Recruiter na Goblin Matron wa kunitafutia.

Toa karata za kutafuta, na michezo inaanza kutofautiana. Leo unashinda kwa hili, kesho unahangaika na lile, na unalazimika kufikiri kwa kilichopo mkononi badala ya kufuata njia ile ile. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuchoka na deki yangu bila kujua sababu, na sababu ilikuwa hii.

Goblin Matron nilimbakiza. Karata ya kutafuta ina nguvu sawa na karata bora kabisa inayoweza kuipata. Kiki-Jiki akishaondoka, Matron anamleta goblini wa kawaida tu. Kwa hiyo usihukumu kwa jina. Jiulize: nikiishusha hii zamu ya nne, nitakwenda kuchukua nini? Kama jibu ni lile lile kila mara, na jibu hilo linamaliza mchezo, itoe.

Usiguse karata za kulambisha. Watu huzichanganya na za kutafuta. Kulamba karata nyingi ndiko kunakokufanya uwe na la kufanya zamu ya tisa, wakati wengine nao wana la kufanya. Mimi hata niliongeza moja, Outpost Siege.

Hatua ya tano: toa ushindi wa ghafla

Kiki-Jiki na Conscripts waliondoka, kwa kuwa mzunguko wa karata mbili usio na mwisho haukubaliki ngazi ya 2. Thornbite Staff nayo ikafuata: ikivaliwa na Krenko, kila kiumbe kikifa yeye anaamka, na pamoja na Skirk Prospector, anayemchinja goblini ili kutoa mana, mzunguko unafunguka tena. Skirk Prospector alibaki. Bila ile fimbo ni goblini mdogo mwenye adabu.

Purphoros, God of the Forge, alinitesa moyo. Kila kiumbe changu kikitua, yeye anawapiga wapinzani wote pointi 2. Goblini 20 wakizaliwa kwa mpigo mmoja, watu watatu wenye uhai kamili wanakufa bila hata goblini mmoja kuvuka meza. Hakuna cha kuzuia, hakuna wa kukinga. Nilimtoa, nikaacha Impact Tremors inayopiga pointi 1, maana hiyo inauma polepole na watu wanapata muda wa kuivunja.

Na kama una Blood Moon, Armageddon au chochote kinachofunga au kuvunja ardhi za watu wote, kitoe bila kujadili.

Nafasi zilizobaki nilijaza goblini wanaoshinda kwa kwenda kupigana: Beetleback Chief, Siege-Gang Commander, Mogg War Marshal, Hordeling Outburst, Dragon Fodder, na Goblin War Drums inayowafanya wawe wagumu kuzuiwa. Kushinda kwa kushambulia kunawapa wenzako nafasi tatu za kujibu: kabla hujatangaza, wakati wa kukinga, na zamu yao inayofuata.

Hatua ya sita: ongeza majibu

Jambo hili linashangaza wengi, kwa hiyo nalisema wazi: deki iliyoshushwa iwe na karata nyingi zaidi za kuondoa vitu kuliko ilivyokuwa. Ukiwa na kasi ndogo, mchezo unakuwa mrefu, na utakutana na mambo ya wengine. Niliongeza Chaos Warp, Abrade na Vandalblast, fungu likatoka nne hadi saba. Mafagio yasizidi mawili au matatu. Meza ikifagiliwa kila zamu ya pili, mnakaa saa tatu bila mtu kusonga, na hilo linachosha kuliko kushindwa mapema.

Hatua ya saba: mwangalie kamanda mwenyewe

Baada ya yote hayo nilipima tena. Zamu ya saba na ya nane. Bado kidogo. Ndipo nilipokubali kwamba kamanda anayezidisha mara mbili atakuwa anazidisha mara mbili hata akizungukwa na nini.

Dawa ilikuwa ndugu yake wa jina: Krenko, Tin Street Kingpin. Ni goblini yule yule katika umri mwingine wa hadithi, wa mana tatu. Huyu lazima ashambulie. Akishambulia anapata alama ya +1/+1 (nguvu moja na uimara mmoja zaidi), kisha anazaa goblini kwa idadi ya nguvu zake: wawili, halafu watatu, wanne, watano. Chukua meza ambayo tayari ina goblini wengine watatu, uwape kila Krenko nafasi nne. Mob Boss anazaa 4, 8, 16 na 32, jumla 60. Kingpin anazaa 14. Na kila anapotoka, mwili wake ni mdogo; mtu akimkinga na kiumbe cha wastani, anakufa. Wapinzani wana uamuzi wa kufanya kila zamu.

Karibu kila wazo lina kamanda mwingine wa rangi zile zile ambaye ni mpole zaidi. Mtafute kabla hujavunja deki yote. Kama unampenda wako mno, ondoa angalau vinavyomwezesha kutumika zamu ile ile anayotua, kama Lightning Greaves, ili wenzako wapate mzunguko mmoja wa kumjibu.

Hatua ya nane: bahasha

Karata 14 nilizotoa, Mob Boss akiwemo, zimo kwenye bahasha nyuma ya boksi, zikiwa na kava za rangi ile ile. Nikikutana na meza ya ngazi ya 4, dakika tano zinatosha kubadilisha. Usiziuze haraka. Kujua kwamba hazijapotea kunafanya mkono uwe mwepesi wakati wa kuzitoa.

Hatua ya tisa: sema kabla hamjachanganya

Sentensi tatu zinatosha: deki inafanya nini, inaweza kushinda zamu ya ngapi ikipata bahati, na kama ina mzunguko wowote usio na mwisho. Mimi husema: "Goblini, wanashambulia, zamu ya nane au tisa, hakuna mzunguko." Kisha waulize wao.

Na usije na deki kali ukidhani utacheza kwa kujizuia. Nilijaribu wiki moja kabla ya kuibadilisha. Nilishika Purphoros mkononi zamu tatu bila kumshusha, na rafiki yangu aliona. Aliniuliza kama namhurumia. Mtu mzima hapendi kuachiwa. Shusha deki nyumbani, mezani cheza kwa nguvu zako zote.

Hatua ya kumi: rekebisha kwa michezo mitano, si mmoja

Mchezo mmoja hauelezi kitu; bahati ya karata ni kubwa mno. Cheza mitano, andika zamu iliyoishia na karata iliyokuwa mezani meza ilipokata tamaa. Ikijirudia mara mbili, ndiyo ya kutoa.

Katika michezo yetu mitano ya kwanza nilishinda mmoja. Wa tatu, dragoni wa mana saba alishuka zamu ya nane. Nilikuwa na goblini 11 na Chaos Warp mkononi, na mana zangu zote zilikuwa zimelala. Aliwachoma tisa kati yao zamu ile ile, na rafiki yangu alisimama kabisa kwenye kiti kumtangaza.

Baada ya mchezo wa tano nilirudisha karata moja kutoka kwenye bahasha. Ilikuwa Sol Ring. Wote watatu walikuwa nayo kwenye deki zao, Kingpin haitumii vibaya kama yule wa kwanza, na wao wenyewe ndio walioniambia niirudishe.